Tisa Imejaa

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa kama nimebeba karamu. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa godauni la mizigo pale Thika, karibu na reli, nimevaa viatu vya kuazima, na mzee mmoja mwenye koti la kaki alinitazama kutoka utosini hadi kwenye viatu hivyo vya watu.

“Karamu iko?”

Nikamwambia ukweli: nina chapati mbili na viazi, lakini nilikuwa nimepanga kula saa saba.

“Ya kuandika!” akasema. “Karamu ya kuandika! Ngai, wameniretea nani huyu?”

Huyo alikuwa Mzee Githinji, karani wa tali. Nyinyi mnaofungua kompyuta na kuona kontena lenu liko bahari gani hamjui karani wa tali ni nani, basi nieleze. Ni mtu anayesimama pale mzigo unapohama mkono, kutoka godauni kwenda behewa, kutoka lori kwenda meli, akahesabu kila gunia na kila katoni kwa macho yake. Anapiga mistari minne iliyosimama, wa tano anaulaza juu yake kama mtu aliyechoka. Hiyo ndiyo tali. Karatasi zote zinazofuata, za forodha, za bima, za nahodha, zinaegemea ile mistari. Ukikosa mstari mmoja Thika, kuna mtu atagombana na mwenzake Hamburg na hawatajua ni wewe.

Mimi jina langu ni Zuhura, binti wa Majengo, mtaa wa Waswahili pale pale Thika. Mama yangu aliuza vitambaa sokoni, kwa hiyo nilijua kupima kitambaa kwa mkono na mteja kwa jicho kabla sijamaliza darasa la nne. Nilichukuliwa kazini kwa sababu nina mwandiko mzuri na kwa sababu nilibishana na Karani Mkuu siku ya mahojiano mpaka akacheka. Kampuni ilikuwa ya kuklia mizigo, yaani kuitoa forodhani, na kuisafirisha. Mkurugenzi wake alikuwa Kalasinga aliyezaliwa Thika, baba yake alizaliwa Thika, na Kikuyu chake kilikuwa safi kuliko changu mimi niliyekisikia kila siku nikiuza vitambaa.

Mzee Githinji alinifundisha kuhesabu mara mbili. Mara ya kwanza mzigo ukiwa unaingia, mara ya pili ukiwa umepangwa, ukianzia nyuma. “Ukianza mbere mara zote mbiri, mami, unarudia kosa rako rile rile,” alisema. “Kosa rinajua njia.” Sijawahi kusikia mafunzo bora zaidi, na nimekaa semina nyingi zenye soda.

Miaka ile mzigo wa kwetu ulikuwa kahawa kwa magunia, mananasi ya mikebe, ngozi, na vitambaa vya viwandani. Karibu vyote vilikwenda ng'ambo kwa bahari, na bado ndivyo. Watu wakiona ndege angani wanadhani biashara ya nchi inapita juu. Inapita chini, polepole, ndani ya meli, kwa sababu meli inabeba kizito na haiulizi maswali. Lakini meli haiji Thika. Kwa hiyo kahawa ilipanda behewa, na behewa lilishuka mpaka bandarini Mombasa. Stesheni Masta alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza behewa letu litafika lini anatazama reli, kisha anakutazama wewe, kisha anasema, “Litafika.” Halikuwahi kumwaibisha, ila hakutaja siku.

Baada ya miaka mitatu nilipelekwa bandarini kwa miezi sita. Huko ndiko nilikojifunza kwamba kontena ni sanduku tu la chuma, la futi ishirini au arobaini, ila limebadilisha dunia kwa sababu halifunguliwi njiani. Unalifunga Thika, unatia kifungo cha sili chenye namba, na namba ile ile inasomwa na mtu wa Antwerp. Msimamizi wa Bandari wa kampuni yetu aliniambia, “Binti, usimwamini mtu, iamini sili.” Wiki iliyofuata tulikuta sili nzima na bawaba za mlango zimefunguliwa kwa spana upande wa nyuma. Akakuna kichwa. “Basi usiiamini na sili.”

Kutoka pale nikapelekwa Malaba, mpakani, mizigo ya malori. Lori ndilo linalowalisha majirani zetu wasio na bahari: mbolea na nguo na mitambo, vyote vimeshuka melini vikiwa na karatasi zinazosema “vinapita tu, havikai Kenya.” Lori ni ghali kuliko reli na ni rahisi kuliko ndege, na lina faida moja kubwa: linafika mlangoni. Hasara yake ni dereva. Nilijua madereva waliokuwa na mama mkwe katika kila mji kati ya Mombasa na mpaka, na kila mama mkwe alikuwa mgonjwa. Huko pia niliona mafuta, ambayo sehemu kubwa ya safari husafiri ndani ya bomba, chini ya miguu yetu. Huo ndio mzigo pekee ambao sijawahi kuuhesabu. Bomba halina mlango wa karani kusimama.

Mkurugenzi alikuwa na msemo: “Mzigo ndio unachagua gari, si wewe. Uulize unaharibika lini.” Kahawa inaweza kungoja. Ngozi inangoja, ingawa itanuka. Halafu kampuni ikapata kazi ya mzigo ambao haungoji kabisa, nami nikarudishwa nyumbani, safari hii katika godauni letu jipya la Ruiru.

Mzigo wenyewe ulikuwa vifaranga vya siku moja.

Kifaranga akitoka kwenye yai amebeba kiini tumboni, na kiini hicho kinamlisha kama siku tatu. Ndani ya siku hizo unaweza kumsafirisha bila chakula wala maji. Zikipita, unasafirisha mizoga. Kwa hiyo anakwenda kwa ndege, ndani ya sanduku lenye matundu, vifaranga mia kwa sanduku. Sisi tulikusanya kutoka kwa wenye mashine za kuangulia watatu, Ruiru, Juja na Theta, na hakuna aliyejua mapema wangapi wangeanguliwa, maana yai halisaini mkataba. Hesabu ya godauni letu ndiyo ilikuwa neno la kwanza na la mwisho. Ndege ya mizigo kwenda Juba iliondoka mara mbili kwa wiki, saa saba mchana. Ukiikosa ya Jumanne, ya Ijumaa ni ya nini?

Meneja wa Mizigo ya Ndege alikuwa ameletwa kutoka Nairobi, mwepesi wa miguu na wa maamuzi. Aliniambia wiki ya kwanza kwamba Karani Mkuu anastaafu na jina langu liko juu ya orodha. Mzee Githinji naye aliletwa Ruiru kwa sababu nyumba yake ilikuwa Theta, na alikuwa amebakisha miezi minane kumaliza kazi. Miaka yote ile hakuwahi kupoteza gunia. Alichokitaka, na alikisema waziwazi kwa kila mtu, ni ile barua ya kuagwa inayosema hivyo. Hakutaka saa ya ukutani. Alitaka barua.

Sasa, asubuhi ya mzigo wa kwanza. Masanduku yamepangwa kwa safu, vifaranga vinalia kama mvua juu ya mabati. Mzee akapita mbele ya safu, mikono nyuma, midomo ikicheza. Mimi nilikuwa na kalamu.

“Tisa imejaa!” akasema.

Nikaandika tisa. Imejaa, nikadhani, ni safu: safu hii imekwisha, twende nyingine.

“Tisa imejaa!” Safu ya pili. Hivyo hivyo mpaka safu ya kumi na mbili. Nikazidisha: masanduku mia moja na nane. Halafu nikaenda nyuma kuanza hesabu ya pili, kama alivyonifundisha mwenyewe, naye akanishika mkono.

“Hapana, mami. Hizi hapana.”

“Mzee, si ulisema mara mbili?”

“Gunia, ndiyo. Hizi ziko na roho. Kitu ya roho haihesabiwi-hesabiwi. Utaita macho mabaya.”

Nikaacha. Alikuwa mwalimu wangu. Mtu wa mizani akapima, akaandika kilo mia tano sabini kwenye karatasi yake, mimi nikaandika mia na nane kwenye yangu. Mzee akatia sahihi bila miwani. Tungegawa tu, uzito kwa masanduku, tungeona kila sanduku linatoka zito kupita vifaranga mia. Hatukugawa.

Saa nne na nusu, uwanjani Nairobi, Afisa wa Forodha akahesabu. Alikuwa mwanamume mwenye shingo fupi na subira fupi.

“Karatasi inasema mia na nane,” akasema. “Hapa kuna mia na ishirini. Haya kumi na mawili ni ya nani? Hayana baba?”

Meneja akanitazama. Mimi nikatazama masanduku.

“Watu hupunguza mizigo njiani,” afisa akaendelea. “Nyinyi wenu unazaa. Paleti yote inakaa kando. Nitafungua sanduku moja moja.”

“Mia na ishirini?” nikauliza. “Afande, ndege inaondoka saa saba.”

“Basi itaondoka.”

Nikaomba simu ya ofisi, nikapiga godauni, nikamwita Mzee Githinji.

“Mzee, safu moja ilikuwa na masanduku mangapi?”

“Si nirikwambia? Tisa imejaa.”

“Tisa?”

“Imejaa, mami.”

“Ikijaa inakuwa ngapi?”

Nilisikia foklifti ikipita nyuma yake.

“Unajua,” akasema.

“Sijui, mzee. Mimi ni wa Majengo.”

“Ni ire moja inafuata tisa.”

“Kumi?”

“Haiya, umeitaja wewe! Mimi sijaitaja!” Akakata simu.

Nilimaliza kuelewa siku ile ile, Mkurugenzi aliponieleza. Kwa Wakikuyu wa zamani, mtoto au mnyama hahesabiwi hadharani kwa kuitaja namba iliyokamilika. Mabinti wa Mumbi, mama wa kabila lote, ni kumi, lakini utaambiwa *kenda muiyuru*, tisa iliyojaa. Unasema tisa, unaongeza ‘imejaa’, na kila mwenye masikio anajua ni kumi na hakuna aliyeitiwa balaa. Kila mwenye masikio, isipokuwa karani aliyeshika kalamu.

Lakini pale uwanjani nilijua jambo moja tu: kumi mara kumi na mbili ni mia na ishirini, kwa hiyo hakuna sanduku lililoongezwa. Ilibidi nimshawishi mtu asiyetaka kushawishiwa, na hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

“Afande,” nikasema, “masanduku ya wizi yana uzito?”

“Kila kitu kina uzito.”

“Karatasi yetu ya mizani, iliyoandikwa Ruiru asubuhi, inasema mia tano sabini. Weka paleti kwenye mizani yako. Kama tumeongeza chochote njiani, itapanda.”

“Nipime halafu nisifungue? Ujanja wa soko huo.”

“Pima, halafu ufungue unalotaka. Fungua matano. Uchague mwenyewe.”

“Kumi na mawili. Moja kila safu.”

Nilikuwa tayari kukubali ishirini. “Kumi na mawili,” nikasema, nikahuzunika kidogo usoni, kwa adabu.

Mizani ikasema mia tano sitini na nane.

“Zimepungua mbili,” akasema, macho madogo.

“Vifaranga hupumua, afande. Vinakauka njiani. Mwizi gani anapunguza?”

Akafungua kumi na mawili. Manjano matupu. Kimoja kilimdonoa kidole, akakiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa shughuli za serikali. Nikamwambia mizani haina kabila, haikukosea maneno ya mtu. Akafunga sanduku.

“Nataka barua ya kusahihisha hesabu,” akasema. “Iseme kosa ni gani na jina la aliyekosa. Leo, sasa.”

Saa sita kasorobo. Meneja akanisukumia karatasi.

“Andika. Karani wa tali amehesabu vibaya kwa sababu ya umri. Kampuni itamwondoa kazini mwisho wa wiki. Fupi, safi.”

Niliishika kalamu. Nitakuambia ukweli, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa: nilifikiria. Nilikuwa na sahihi yake kwenye karatasi ya tali. Nilikuwa na kiti cha Karani Mkuu mbele yangu. Kila mtu angesema mzee amechoka, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Nilihesabu mambo hayo mara moja, nikayahesabu tena nikianzia nyuma.

Nikaandika: “Karani wa tali alihesabu masanduku mia moja na ishirini na kuyataja yote kwa usahihi. Mwandishi hakuelewa alichoambiwa, na hakuuliza. Kosa ni la mwandishi.” Nikatia jina langu na sahihi.

Meneja akasoma. “Hii siyo niliyokwambia.”

“Ndiyo iliyotokea.”

“Zuhura, ukiwa na hii kwenye faili, kile kiti sahau. Mwaka huu na mwingine. Na huyo mzee angeenda tu, amebakisha miezi minane.”

“Ndiyo maana.”

Afisa wa Forodha alikuwa ananyoosha mkono kupokea barua. “Nyinyi mnagombania kosa?” akauliza. “Hapa mimi huona watu wakilikimbia.” Akagonga muhuri.

Ndege iliondoka na masanduku yote. Jioni tulipokea simu kutoka Juba: vimefika, vinalia.

Mzee alinisubiri getini, koti limefungwa vifungo vyote. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kumsimulia.

“Umeandika ati mimi sijui kuhesabu?”

“Nimeandika ati mimi sijui kusikiliza.”

Akatafuta mahali pa kuangalia, akachagua mizani.

“Hiyo ni kweri,” akasema mwishowe. “Hujui.”

Kesho yake alileta nduma za kuchemsha kutoka shamba lake la Theta, zimefungwa kwa gazeti, bado moto. Nikazihesabu. Zilikuwa tisa. Nikamtazama.

“Ni tisa tu,” akasema. “Nduma haina roho.”

Tulipatana. Kuanzia mzigo uliofuata yeye alishika kila sanduku, akasikiliza ndani kama daktari, akaangalia matundu, akaweka chini. Mimi nilihesabu, mara mbili, na nilipofika kumi yeye aligeuza kichwa kwa heshima, kama mtu anayepita mbele ya bafu la jirani. Tulifanya hivyo miezi minane. Hakuna sanduku lililozidi wala kupungua.

Barua yake ya kuagwa aliiandika Meneja, kwa shingo upande, baada ya mimi kumkumbusha mara kadhaa kwamba faili la mzee halina kosa, na kama analo alionyeshe. Ilisema kwamba kwa muda wote wa kazi yake hakupoteza mzigo. Mzee aliniomba nimsomee, akiwa amesimama. Nilipomaliza akaikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti.

“Na wewe?” akaniuliza. “Kiti?”

“Bado.”

“Nani anakikaria?”

“Amekuja mtu kutoka Nairobi.”

“Mzuri?”

“Anahesabu mara moja.”

Mzee Githinji alicheka mpaka akashika ukuta. Miaka minne baadaye nilizikwa naye, nataka kusema nilikwenda kumzika, Theta. Mkewe aliniambia ile barua wameiacha mfukoni mwa koti, na koti wamemvalisha.

Kiti nilikipata, baada ya miaka mitano na mabosi wawili. Nikawa Karani Mkuu, halafu Msimamizi wa Mizigo. Nimeona reli mpya ikibeba makontena kutoka bandarini, nimeona sili zinazoongea na setilaiti, nimeona hati ya meli ikitumwa kabla meli yenyewe haijatia nanga. Ni vizuri. Sitaki kurudi kwenye vumbi la magunia. Ila mashine hizo zote bado zinaanza na mtu mmoja aliyesimama mlangoni, anasema kitu, na mwingine anayeandika. Ukiwa wewe ndiye unayeandika, muulize huyo mwenzako anamaanisha nini. Hata kama ni mwalimu wako. Zaidi kama ni mwalimu wako.

Wiki yangu ya mwisho, msichana wa ofisi ya wafanyakazi alikuja mezani kwangu na faili langu, jembamba kwa miaka mingi hivyo. Alikuwa anaandaa barua yangu ya kuagwa.

“Madam, kila kitu kiko sawa,” akasema, “ila kuna hii karatasi ya zamani. Inasema ulifanya kosa. Naweza kuitoa, hakuna mtu ataona.”

Nikaichukua. Wino ulikuwa umefifia, lakini mwandiko, nasema mwenyewe, ulikuwa bado mzuri.

“Masanduku yalipotea?” akauliza.

“Yalifika yote.”

“Vifaranga vilikufa?”

“Hapana.”

“Na huyu karani wa tali alihesabu sawa.”

“Sawa kabisa.”

Akaisoma tena, kutoka chini kwenda juu, nami nikampenda hapo hapo.

“Sasa Madam, mbona kuna barua ya kosa? Aliyekosa ni nani?”

“Sahihi ni ya nani hapo?”

“Ni yako.”

“Basi,” nikamwambia. “Irudishe kwenye faili.”